Kulenga kwa upinde uani kwako: anza na kilicho nyuma ya shabaha

Mshale wangu ulionifundisha zaidi haukugonga shabaha. Ulipita juu yake, ukavuka ua wa minyaa, ukatua kwa jirani kwenye turubai alikokuwa ameanika mahindi. Nilipozunguka kuufuata nilimkuta mama wa nyumba ile amesimama kando, ungo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu ni wa kwako?"

Ulikuwa umetoboa turubai na kuzama kwenye mchanga kiasi cha kiganja kizima, mkia umeinamia upande wa kwetu kama kidole kinachonyooshwa. Hatua mbili tu kutoka hapo zilikuwepo ndala ndogo za mjukuu wake. Mtoto mwenyewe alikuwa ndani anakunywa uji. Yule mama hakunigombeza. Aliuchomoa mshale, akaupangusa kwa ncha ya kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilikaa zaidi ya mwezi bila kugusa upinde, na nilipourudia nilianza kwa koleo na viroba.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi hapa Tabora wameanza kuuliza habari za upinde, na nyumba zetu za Ipuli, Isevya na Cheyo nyingi zina ua wa nyuma unaotosha. Ni mchezo mzuri sana. Unatuliza kichwa, unanyoosha mgongo, na hauhitaji timu wala umeme. Ila karibu kila anayeanza huuliza kwanza anunue upinde gani. Swali hilo lina nafasi yake, tena nafasi ya nne au ya tano. Swali la kwanza ni hili: mshale ukikosea, unaishia wapi?

Pima ua wako kwa hatua, kisha kwa hesabu

Upinde mwepesi wa kujifunzia hurusha mshale kwa kasi ya mita 40 hivi kwa sekunde. Kwa shabaha iliyo mita 10 mbele yako, hiyo ni robo ya sekunde. Mtoto aliyetokea nyuma ya banda la kuku hawezi kukwepa, na wewe huwezi kuuita mshale urudi. Upinde huohuo ukiuelekeza juu, mshale unavuka mita 100 bila shida. Hesabu nyumba ngapi ziko ndani ya mita 100 kutoka uani kwako.

Sasa chukua kosa dogo tu. Mshale ukiondoka umepotoka digrii moja, kwa umbali wa mita 10 unaangukia sentimita 17 pembeni. Digrii kumi, ambazo kwa mtu anayeanza si ajabu kabisa, ni zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hiyo kadiri unavyosimama mbali na shabaha, ndivyo kosa lilelile linavyokua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani anayepiga kwa karibu anahatarisha zaidi, kumbe kwa majirani ni kinyume chake. Tuseme nyuma ya shabaha una kinga, yaani kizuizi cha kusimamisha mishale, yenye urefu wa mita 2.5 kwenda juu, na mshale wako unatoka usawa wa bega, mita 1.4 hivi. Ukihesabu kwa mstari ulionyooka, bila kuhesabu mshale unavyoshuka njiani, ukisimama mita 5 kutoka kwenye kinga, mshale lazima upae zaidi ya digrii 12 ndipo uiruke. Ukisimama mita 10, digrii 6 na kidogo zinatosha. Ukisimama mita 18, ambao ndio umbali wa mashindano ya ndani ya ukumbi, hata digrii 4 hazifiki. Kinga ni ileile, ila imegeuka fupi kwa sababu umerudi nyuma. Mimi nilikuwa mita 15 siku ile, na nyuma ya shabaha hapakuwa na kitu ila minyaa.

Basi anza mita 5. Usione haya. Kwenye Olimpiki wanalenga kutoka mita 70, duara la katikati likiwa na upana wa sentimita 12.2, lakini hata wapigaji wakubwa hurudi mara kwa mara kwenye gunia lisilochorwa kitu, mita chache tu mbele yao, ili wanyooshe mkono bila kuhangaishwa na alama. Ua wenye mita 8 za wazi unakutosha kwa miezi mingi.

Angalia pia mwelekeo. Piga ukitazama kaskazini au kusini, maana huku kwetu jua la asubuhi na la jioni litakupiga machoni ukielekea mashariki au magharibi, na jioni ndipo wengi tunapopata nafasi. Usielekeze shabaha upande wa njia ya watu, choo cha nje, kisima, wala mlango wa jikoni. Hata kama mlango umefungwa, kuna siku utafunguliwa.

Kinga ya nyuma

Minyaa si kinga. Michongoma si kinga. Ua wa mabua na wa mabati chakavu navyo si kinga. Mshale unavipita kama sindano kwenye kitenge. Ukuta wa matofali ya kuchoma unausimamisha mshale, lakini unaweza kuuvunja au kuurudisha kwako, na kipande cha mshale kinachorudi huja usawa wa macho.

Wenye bahati ni wale wenye kichuguu. Huku kwetu vichuguu vikubwa viko hata katikati ya mji, na kama chako kimezidi kimo cha mtu na ni kipana, usikivunje kwa ajili ya tofali. Weka gunia la shabaha mbele yake. Wakati wa kiangazi udongo wake ni mgumu kama saruji, kwa hiyo kifunike kwa zulia kuukuu ili mshale uliokosa gunia usivunjike.

Kama huna kichuguu, jenga. Udongo wetu ni wa kichanga, ukiurundika peke yake mvua ya Desemba itaulaza chini. Ujaze kwenye viroba, uvipange kwa kupishana kama fundi anavyopanga tofali, chini vipana na juu vyembamba, mpaka kifuani. Usivipandishe zaidi ya hapo, maana vikianguka vitaumiza mtu. Jua hula viroba haraka, hivyo vifunike kwa turubai au matope.

Juu ya viroba ndipo zulia linapofanya kazi. Simamisha nguzo mbili imara, umbali wa mita 3 au zaidi, na ziwe na mita 2.5 juu ya ardhi. Funga mti wa kulala juu, kisha tundika zulia zito lililokunjwa mara mbili. Lifunge juu tu, chini liachwe huru, na liwe mbali na ukuta wa nyuma kwa sentimita 30 angalau. Ni ule ulegevu unaoufisha mshale. Zulia lililokazwa kama ngoma hutobolewa; linaloning'inia hurudi nyuma pamoja na mshale na kuunyang'anya nguvu. Lijaribu kabla ya kuliamini: piga mshale mmoja kwa makusudi kutoka mita 5, kisha nenda nyuma uone ncha imetokeza kiasi gani. Ikitokeza zaidi ya upana wa kiganja, ongeza tabaka. Chandarua, hata kikunjwe mara kumi, usikitegemee.

Gunia la shabaha

Hili linagharimu kidogo sana. Tafuta gunia la salfeti, lile kubwa la mahindi, lisilo na tundu. Lijaze matambara: nguo zilizoshindikana kwenye mitumba, mashuka, masweta. Kabla ya kutia kila nguo, kata vifungo, zipu na vyuma vya mikanda. Mshale ukigonga zipu ndani ya gunia hupinda au kupasuka bila wewe kuona, na mshale uliopasuka ndio utakaokuumiza kesho. Shindilia kwa mguu kila unapoongeza, hasa pembeni. Ukilipiga ngumi likabonyea sana, bado. Likishajaa, shona mdomo kwa sindano ya magunia.

Lisimamishe kwenye fremu ya mbao au litundike, na ulifunge pia chini lisizunguke. Kwenye mashindano katikati ya shabaha huwa sentimita 130 kutoka ardhini. Mimi uani nimeishusha hadi mita moja, ili mkono wangu uwe daima unaelekea chini kidogo, na mshale ukipotoka uwe na safari ndefu zaidi kabla ya kufika ukingo wa juu wa kinga. Ukiona mishale inazama sana mahali pamoja, zungusha gunia au shindilia upya. Na mvua ikinyesha liingize ndani. Matambara yakilowa yanaoza na kugeuka maskani ya nge.

Majirani, mjumbe na watoto

Kabla ya mshale wa kwanza, zunguka nyumba zinazokuzunguka. Bisha hodi, salimia, kaa kama unakaribishwa. Waeleze unachotaka kufanya, siku gani na saa ngapi, na uwaalike waje waione kinga. Kisha mwone mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Upinde kwa macho ya wengi ni silaha ya mawindo au ya usiku, na mtu akikuona nao barabarani bila maelezo ana haki ya kuogopa. Ukiusafirisha, uwe kwenye mfuko, upote (kamba ya upinde) umevuliwa. Usiupeleke msituni kujaribu. Misitu ya miombo inayotuzunguka ina hifadhi nyingi, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Uani ni kwa gunia. Kuku wa jirani, njiwa na paka si shabaha, hata kwa utani.

Siku ya zoezi, funga geti kwa komeo. Nimeweka kitambaa chekundu juu ya mlango wa uani: kikiwa juu, hakuna anayetoka kabla ya kuita na kujibiwa. Watoto wa nyumbani walikizoea ndani ya wiki moja, lakini sitegemei kitambaa peke yake. Nahesabu vichwa. Kama sijui mtoto mmoja yuko wapi, upinde unakaa chini mpaka nimjue. Mbuzi nao nawafunga upande wa mbele.

Upinde

Nguvu ya upinde hupimwa kwa pauni. Pauni 22 ni sawa na kilo 10, yaani kidumu cha lita 10 kilichojaa maji ukikishika kwa vidole vitatu na kukituliza hewani. Mtu mzima anayeanza anafaa kuwa na pauni 16 hadi 24. Mtoto mkubwa, 10 hadi 15. Wanaume hasa hudharau namba hizi. Upinde uliokuzidi nguvu unakutetemesha mkono, unakufanya uuinue juu ili uuvute, na mshale unakutoka kabla hujaamua. Hiyo ndiyo njia fupi kabisa ya kwenda kwenye turubai la jirani. Upinde wa makapi, wenye magurudumu kwenye ncha zake, na ule wa asili wa mawindo, viache. Ua wa mjini hauwezi kuvibeba.

Kila siku kabla ya kupiga, pitisha kidole taratibu kwenye mikono yote miwili ya upinde ukitafuta ufa au ubanzi. Tazama upote uzi kwa uzi. Ukiona nyuzi zimefumuka kama manyoya, ni nta imeisha. Bahati yetu ni kwamba nta ya nyuki haitafutwi mbali Tabora: sugua kipande chake kwenye upote, kisha usugue kwa vidole mpaka joto liiyeyushe iingie ndani. Uzi mmoja ukikatika, badilisha upote wote. Usiufunge fundo.

Usivute upinde mtupu ukauachia. Nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, na mikono yake inaweza kupasuka usoni pako. Wageni hupenda sana kufanya hivi wanapoushika mara ya kwanza. Waambie kabla hujawapa.

Mishale

Tumia ncha butu za mazoezi, zile za umbo la risasi. Kigumba chenye makali au miiba kinachana gunia, kinachana zulia, na mtu akiumia kidonda chake ni kibaya sana. Habari ya sumu sitaki hata kuizungumza.

Urefu wa mshale ni jambo la usalama. Vuta upinde hadi mwisho wako, mtu mwingine akiwa pembeni atazame: ncha lazima ibaki mbele ya mkono unaoshika upinde kwa sentimita 3 hadi 5. Mshale mfupi ukivutwa kupita kiasi hutumbukia nyuma ya upinde, na ukiuachia unaingia kwenye mkono wako mwenyewe.

Kila mshale ukaguliwe kabla ya kurudi kwenye upote. Shika ncha mkono mmoja na mkia mkono mwingine, uukunje kidogo mbali na uso huku ukiuzungusha, na usikilize. Mlio wa kukatika, hata mdogo kama kijiti cha kiberiti, maana yake mshale huo umekwisha. Wa kaboni ni hatari zaidi kwa sababu ukipasuka hutoa vibanzi vyembamba vinavyozama mkononi. Uvunje vipande viwili kabisa, ndipo utupe, ili mtoto asiuokote akaurudisha kwenye podo, yaani mfuko wa mishale. Kipengo cha mkiani, kile kinachoshika upote, kikiwa na ufa, nacho kibadilishwe.

Bamba la mkono na kipande cha ngozi cha vidole mwachie fundi viatu. Wangu alikata vyote viwili kwenye kiatu kibovu nikiwa nasubiri. Bila bamba, upote utakuchapa ndani ya mkono mpaka uvimbe. Vaa nguo inayobana kifuani na mikononi. Kanzu, mtandio unaoning'inia na mkufu huushika upote. Miwani ya kinga ya mafundi, ile ya plastiki isiyo na rangi, ni nafuu, na kwa umbali wa mita 5 sipigi bila hiyo.

Kupiga

Chora mstari mmoja chini, kwa chokaa au kamba. Wote wanaopiga wanasimama hapo, na asiyepiga anakaa nyuma kwa mita 3 au zaidi. Hakuna kupokezana kwa mtu mmoja kusimama mita 5 na mwingine mita 10. Anayetaka kusogea anasubiri zamu iishe.

Mkiwa wawili au zaidi, tumieni filimbi kama mashindano ya kimataifa: mbili, njoo mstarini, moja, anza, tatu, tukachukue mishale, tano au zaidi mfululizo, acha papo hapo. Nyumbani neno "Simama!" linatosha kwa dharura, na hata mtoto wa miaka minne anaruhusiwa kulipaza. Akilipaza, unashusha upinde taratibu na kuurudisha upote bila kuachia mshale. Kulizoea hilo ni zoezi lenyewe: mara moja moja mwambie mwenzako apaze bila sababu.

Simama ubavu ukielekea shabaha, miguu upana wa mabega. Tazama mbele, kulia, kushoto na nyuma ya kinga, ndipo utie mshale kwenye upote. Kuanzia hapo ncha inaelekea kwenye gunia au chini mbele yako, basi. Sasa sehemu inayonihusu mimi. Nilikuwa na tabia ya kuinua upinde juu ya kichwa na kuuvuta nikiushusha, kwa sababu ulikuwa mzito kwangu. Vidole viliteleza ukiwa bado juu. Vuta ukiwa tayari umeelekea chini ya gunia, bega limeshuka, kiwiko cha nyuma kikirudi usawa wa sikio. Mkono wa kuvuta utue mahali pamoja kila mara, mimi huugusisha pembe ya mdomo. Tulia kwa pumzi moja. Legeza vidole, usivifungue kwa nguvu, na uubakize mkono wa upinde palepale mpaka usikie "tup" ya gunia. Kama huwezi kuvuta bila kuinua, upinde umekuzidi. Badilisha upinde.

Mishale sita kwa zamu, mapumziko, kisha sita mingine. Mkono ukianza kutetemeka umemaliza siku hiyo, hata kama ni mshale wa ishirini. Upepo wa kiangazi ukivuma kiasi cha kuyumbisha zulia, na giza likianza kufuta ukingo wa gunia, acha. Aliyekunywa pombe hapigi, na hashiki filimbi.

Kuchukua mishale

Upinde chini kwanza, wa kila mtu. Tembeeni, msikimbie, na mlikaribie gunia kwa ubavu, maana mikia ya mishale iko usawa wa macho ya mtoto na tumbo la mtu mzima. Anayechomoa ahakikishe hakuna aliyesimama nyuma yake. Bandika kiganja kimoja kwenye gunia kando ya mshale, kwa kingine ushike mshale karibu na gunia, uuvute moja kwa moja. Beba ncha zote zikiwa zimefunikwa na ngumi yako, zikielekea chini. Hesabu: sita ilitoka, sita irudi. Mmoja ukipotea, zoezi linasimama mpaka uonekane, na majani uwe umeyafyeka kabla, kwa ajili ya mshale na kwa ajili ya nyoka.

Ikitokea mtu amechomwa na mshale umebaki mwilini, usiuchomoe. Uzungushie vitambaa usitikisike, na umkimbize hospitali.

Ukimaliza vua upote, tundika upinde ndani mbali na bati, kwa kuwa joto la Oktoba chini ya mabati huupinda. Mishale ikae chumba kingine, chini ya kufuli, na ufunguo usikae mlangoni.

Ukiweza kuweka mishale sita yote ndani ya sahani moja ya wali, siku tatu mfululizo, rudi nyuma mita moja. Moja tu. Na kabla hujausogeza mstari, chukua tena futi kamba ukapime kinga, maana kuanzia hapo imekuwa fupi.